Kuweka trimu kwenye simuleta ya ndege nyumbani: kuanzia vitufe viwili hadi gurudumu la kujitengenezea

Ukimwona mtu anarusha ndege kwenye kompyuta huku amekaza mkono kwenye jostiki dakika 20 mfululizo, ndege ikipanda futi 200 kisha ikishuka futi 300, ujue hana trimu, yaani kidhibiti kinachoshikilia mwendo wa ndege ili mkono upumzike, au anayo lakini ameiweka mahali asipoifikia. Si kwamba hajui kurusha. Anashindana na ndege ambayo ingeruka yenyewe kama angeiambia mara moja tu mwendo anaoutaka. Kati ya vifaa vyote vya simuleta ya nyumbani, mimi naitanguliza trimu kuliko pedali na kuliko skrini ya pili, na haihitaji fedha nyingi. Vitufe viwili ulivyonavyo tayari vinatosha kuanzia leo.

Trimu inashika nini

Kwenye Cessna 172, nyuma ya elevata (bapa la mkiani linaloinua au kuinamisha pua) ya upande wa kulia kuna kibao kidogo chenye bawaba. Ukizungusha gurudumu la trimu, kibao hicho kinapinda, hewa inakisukuma, nacho kinaisukuma elevata upande wa pili. Kibao kikishuka, elevata inapanda na pua inainuka. Kikipanda, pua inainama. Ndege kubwa zina njia nyingine. Kwenye Boeing 737 ni bawa zima la mlalo la mkiani linalobadilisha pembe, na yale magurudumu mawili yenye mstari mweupe kando ya throtoli (vishikio vya nguvu ya injini) huzunguka kila pembe hiyo inapobadilika.

Kinachoshikwa na trimu ni mwendo, si kimo. Hili ndilo linalowapotosha wengi. Ndege iliyotrimiwa kwa noti 90 (maili za baharini kwa saa) itautafuta mwendo huo yenyewe. Ukiongeza nguvu bila kugusa trimu, itaanza kupanda kwa mwendo unaokaribiana na ule wa mwanzo. Ukipunguza nguvu, itashuka. Anayetumia trimu kusaka kimo atazungusha gurudumu mpaka achoke, maana kila akikipata kimo, mwendo unabadilika, na kimo kinamponyoka tena.

Kabla ya yote, itazame jostiki

Fungua dirisha la Windows la kupima jostiki, au ukurasa wa mihimili (vidhibiti vinavyotuma mahali vilipo) ndani ya simuleta yako, kisha vuta jostiki nyuma na uiachie taratibu. Tazama namba inapotulia. Sukuma mbele, achia tena, tazama. Kama mara ya kwanza imetulia kwenye 1% na mara ya pili kwenye –2%, basi katikati ya jostiki yako haiko mahali pamoja, na trimu haiwezi kushika kitu kinachohama. Weka eneo mfu (sehemu ambamo jostiki ikisogea simuleta haijibu) dogo katikati, lipite kidogo tu hapo inapoyumba. Mara nyingi 2% au 3% zinatosha. Eneo mfu la 10% ni kubwa mno: mkono utasogea na ndege isijibu, kisha ijibu kwa ghafla.

Springi yenyewe inaleta jambo la pili. Kwenye ndege halisi, rubani akivuta usukani na kuushikilia, anahisi uzito. Akitrimu, uzito unapungua mpaka unaisha, na usukani unabaki palepale ulipokuwa. Springi ya jostiki inajua kazi moja tu, kurudi katikati. Simuleta kwa upande wake inajumlisha trimu na nafasi ya jostiki, kwa hiyo ukitrimu huku mkono umebaki nyuma, pua inazidi kuinuka. Inabidi mkono urudi katikati kidogo kidogo, kwa kasi ileile trimu inayoongezeka. Jostiki zenye mota za kurudisha nguvu ndizo pekee zinazoweza kuhamisha katikati yake kama usukani wa kweli. Kwa sisi wengine wote, ustadi ni wa kuachia.

Swichi, enkoda au potenshomita?

Kuna njia tatu za kuipa simuleta trimu, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha za bidhaa.

Swichi au vitufe viwili hutuma amri: ongeza kidogo, punguza kidogo. Enkoda ni kifaa cha kuzungusha kisicho na mwanzo wala mwisho. Ndani yake kuna vituo vidogo, mara nyingi 20 au 24 kwa mzunguko mmoja, na kila kituo unachokihisi kidoleni ni amri moja. Gurudumu la trimu la Honeycomb Bravo, seti ya throtoli ya dukani, linafanya kazi hivyo, likionekana kwenye kompyuta kama vitufe viwili. Potenshomita ni kitu kingine kabisa. Ina mwanzo na mwisho, na haitumi amri ya kuongeza wala kupunguza. Inatuma mahali ilipo.

Sasa fikiria otopailoti, mfumo unaorusha ndege badala ya rubani. Ukiiwasha, inazungusha trimu yenyewe wakati wote. Ukiwa na enkoda hakuna mgogoro, kwa sababu enkoda haina kumbukumbu ya mahali. Ukiizima otopailoti baada ya saa moja, unaendelea kuongeza au kupunguza kuanzia pale ilipoiachia. Ukiwa na potenshomita, gurudumu lako lingali linasema trimu iko pale ulipoiacha kabla ya kupaa. Mara tu namba yake ikitikisika kidogo, simuleta inaitii, trimu inaruka kwenda mahali pa zamani, na pua inainama au kuinuka kwa nguvu. Kwa hiyo ushauri wangu hauna mzunguko: chukua enkoda au swichi. Potenshomita ina nafasi yake kwa anayerusha ndege moja tu isiyo na otopailoti, kama zile za kivita za zamani, anayetaka gurudumu lenye alama zinazolingana na za ndege ileile.

Kama unarusha Airbus A320 peke yake, usitumie pesa kabisa. Katika hali ya kawaida ndege hiyo hujitrimu yenyewe hewani. Rubani huweka trimu kabla ya kupaa, basi.

Kuweka vitufe

1. Fungua mipangilio ya vidhibiti na uandike trim kwenye sehemu ya kutafutia. Kwenye Microsoft Flight Simulator utaona amri za ELEVATOR TRIM UP na ELEVATOR TRIM DOWN. Kwenye X-Plane tafuta pitch trim. Majina yake ya ndani ni sim/flight_controls/pitch_trim_up na pitch_trim_down. FlightGear huiweka kwenye /controls/flight/elevator-trim, na unaweza kuitazama namba hiyo ikisogea kati ya –1 na 1.

2. Futa kwanza kila kilichowekwa hapo na kifaa kingine. Simuleta nyingi hujaza amri zenyewe pindi unapochomeka kifaa kipya, na mihimili miwili ikipewa trimu kwa pamoja utaona trimu ikirukaruka bila sababu.

3. Chagua kitufe ambacho kidole gumba kinakifikia bila kuachia jostiki. Hili si jambo la starehe. Trimu hutumika wakati mkono umeshika, tena hasa wakati umeshika kwa nguvu, kwa hiyo ikiwa kwenye kibodi utaikwepa, na ukiikwepa hutaizoea. Kama kile kijiti kidogo cha kutazamia pembeni kiko juu ya jostiki yako, hamishia kutazama kwingine na kijiti hicho kipe trimu.

4. Zingatia mwelekeo. Kidole kikisukuma mbele, pua iinamishwe. Kikivuta nyuma, pua iinuliwe. Swichi za trimu kwenye usukani wa ndege halisi ziko hivyo, na gurudumu la Cessna nalo: kulizungusha mbele ni kuinamisha pua. Watu wengi hupanga kinyume, wakiona mshale wa juu wakadhani unamaanisha pua juu, kisha kila wanapoharakisha wanatrimu upande usio sahihi.

5. Ruhusu amri ijirudie kitufe kinaposhikiliwa, kama simuleta yako ina chaguo hilo. Lakini jifunze kugusa, si kushikilia.

Wanaotumia kibodi kwenye Microsoft Flight Simulator wana 7 na 1 za upande wa namba, 7 kwa kuinamisha pua na 1 kwa kuiinua. Num Lock ikiwa imewashwa huenda zisifanye kazi.

Kwenye X-Plane ongeza kitufe kimoja zaidi kwa amri ya pitch_trim_takeoff, inayorudisha trimu kwenye nafasi ya kupaa. Kinaokoa safari nyingi, hasa unapotua na kupaa tena bila kusimama.

Pima ukubwa wa hatua

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi wanapokosea. Pakia Cessna 172, hali ya hewa shwari isiyo na upepo, kimo cha futi 3,000. Weka injini kwenye mizunguko karibu 2,300 kwa dakika, ruka sawa, acha mwendo utulie, kisha trimu mpaka uweze kuachia mkono na mshale wa kupanda na kushuka usimame karibu na sifuri.

Sasa gusa trimu mara moja, kituo kimoja tu, na utazame mshale. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mguso mmoja usiusogeze mshale zaidi ya futi 100 kwa dakika. Ukiusogeza futi 300, hatua ni kubwa mno na hutapata kamwe mahali pa katikati. Utakuwa unapita juu, unapita chini. Usihukumu kwa kutazama kimo mara moja, kwani ndege iliyoguswa hupanda na kushuka kama mawimbi kabla ya kutulia. Subiri mawimbi mawili matatu yapite, ukiwa umeachia mkono kabisa.

Hesabu ya enkoda ni nyepesi. Tuseme kila amri inasogeza trimu kwa 1%. Kutoka –100% hadi 100% ni amri 200. Enkoda ya vituo 24 itahitaji mizunguko zaidi kidogo ya 8 kumaliza safari yote, na ya vituo 20 itahitaji mizunguko 10. Inasikika kuwa mingi, lakini katika safari ya kawaida utatumia sehemu ndogo tu katikati, na huko ndiko unakohitaji unyeti. Linganisha na potenshomita ya kawaida inayozunguka nyuzi 270: kila nyuzi moja ni karibu 0.74% ya trimu, na hakuna mkono unaoweza kusogeza gurudumu dogo kwa nusu nyuzi kwa uhakika.

Gurudumu la kujitengenezea

Unahitaji enkoda aina ya EC11, bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4 kama Arduino Leonardo au Pro Micro, nyaya tatu, na gurudumu. Chipu hiyo ni muhimu kwa sababu yenyewe inaweza kujitambulisha kwenye kompyuta kama jostiki kupitia USB. Arduino Uno haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi.

EC11 ina pini tatu upande mmoja. Ya katikati iende kwenye ardhi ya bodi, alama yake GND. Mbili za pembeni ziende pini 2 na 3 za bodi. Ndani ya programu ziwekee pini hizo INPUT_PULLUP, ili usihitaji vizuizi vya umeme (resista) vya nje. Pini mbili zilizobaki upande wa pili ni za kitufe cha kubonyeza. Unaweza kukitumia kurudisha trimu kwenye nafasi ya kupaa. Lehemu, usisokote nyaya tu, maana gurudumu linatikisika na mguso hafifu utakupa amri za uongo.

Maktaba ya ArduinoJoystickLibrary (msimbo ulioandikwa tayari) itakupa vitufe viwili. Mantiki ya programu ni kwamba kila kituo upande wa mbele kinabonyeza kitufe cha kwanza, na kila kituo upande wa nyuma kinabonyeza cha pili. Mitego iko miwili. Enkoda ya aina hii kwa kawaida hubadilisha hali mara nne katika kituo kimoja, kwa hiyo hesabu nne kuwa moja, la sivyo utapata amri nne ulipotaka moja. Na mbonyezo lazima udumu vya kutosha. Simuleta inayochora picha 30 kwa sekunde hutazama vifaa takriban kila milisekunde 33. Mbonyezo wa milisekunde 5 unaweza kupita bila kuonekana. Mpe kila mbonyezo milisekunde 40 na mapumziko ya 40.

Hapo utagundua kikwazo. Milisekunde 80 kwa amri ni amri 12 hivi kwa sekunde, ilhali mkono ukizungusha gurudumu mzunguko mzima kwa sekunde moja unazalisha 24. Zilizobaki zikipanga foleni, trimu itaendelea kusogea baada ya mkono kusimama, na hiyo ni mbaya kuliko kupoteza amri. Weka kikomo cha foleni, amri 4 au 5, zinazozidi zitupwe. Ukitaka kuliondoa tatizo lenyewe, tumia programu ya MobiFlight: inasoma enkoda na kutuma amri moja kwa moja kwenye simuleta bila kupitia vitufe, na inatofautisha mzunguko wa polepole na wa haraka, kwa hiyo wa haraka unaweza kuupa hatua kubwa zaidi. Amri zenyewe kwa upande wa Microsoft ni ELEV_TRIM_UP na ELEV_TRIM_DN.

Gurudumu liwe na kipenyo cha sentimita 10 hadi 12, jembamba, lenye meno madogo ukingoni ili kidole kishike. Lisimame wima kando ya kiti, mkono wa throtoli ulifikie bila mwili kuinama. Kijiti cha kuzungusha cha EC11 kina unene wa milimita 6 na hakikutengenezwa kubeba uzito, kwa hiyo gurudumu likae kwenye bearingi yake, na enkoda iunganishwe tu na ncha ya ekseli. Nimeona magurudumu mazuri sana yakilegea kwa sababu hiyo moja.

Ukitaka potenshomita licha ya hayo

Tumia potenshomita ya mizunguko 10, kiloomu 10. Bodi ya ATmega32U4 inagawa mzunguko wote kuwa hatua 1,024, yaani kila hatua ni karibu 0.2% ya trimu, ambayo ni nzuri. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya katikati na ardhi, chukua wastani wa visomo kadhaa, na usitume namba mpya mpaka itofautiane na ya zamani kwa hatua mbili au zaidi. Hilo la mwisho ndilo linalozuia mtikisiko usiiamshe trimu wakati otopailoti inafanya kazi. Usiweke eneo mfu katikati, wala usiipinde chati ya unyeti: trimu iwe mstari ulionyooka.

Namna ya kutrimu

Ukiwa umevuka kutoka kupanda kwenda kuruka sawa, shusha pua kwa jostiki mpaka kimo kisimame, na uishikilie hapo. Acha mwendo uongezeke mpaka utulie. Punguza nguvu hadi kiwango cha safari. Subiri tena. Sasa tu ndipo uguse trimu kuinamisha pua, mguso baada ya mguso, huku mkono ukirudi katikati. Macho yawe kwenye upeo wa macho, si kwenye kipimo cha trimu: pua isisogee hata kidogo wakati mzigo unahama kutoka mkononi kwenda kwenye trimu. Pua ikiinama, umechelewa kuachia. Ikiinuka, umeachia mapema. Mwishoni fungua vidole. Pua ikihama, ishike tena ilipokuwa, mguso mmoja, fungua tena.

Fanya hivyo kila unapobadilisha mwendo, nguvu au flapi (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua). Mafuta yakipungua na abiria wakikaa nyuma, kitovu cha uzito kinahama na trimu ya jana haitafaa leo. Kabla ya kupaa, hakikisha kiashiria kiko kwenye alama ya kupaa, kwani trimu iliyosahaulika kutoka kutua kwa mwisho inaweza kuinua pua mapema mno ndege ikiwa haijapata mwendo.

Ikikataa

Trimu isiposogea kabisa, angalia kwanza kama otopailoti imewashwa. Kisha angalia misaada ya simuleta: Microsoft Flight Simulator ya 2020 ina AI AUTO-TRIM, na ikiwa imewashwa itafuta kila unachofanya. Trimu ikisogea yenyewe, chomoa vifaa kimoja kimoja mpaka itulie. Cha mwisho kuchomolewa ndicho chenye amri ya ziada. Enkoda ikienda mbele hatua tatu na kurudi moja, miguso yake inaruka; kapasita ya nanofaradi 10 kutoka kila pini ya pembeni hadi ardhi huituliza. Ikiacha kujibu baada ya muda bila kuguswa, zima usingizi wa USB kwenye mipangilio ya umeme ya Windows.

Trimu ya usukani wa mkia na ya aileroni (vibao vya mabawa vinavyoilaza ndege upande) huwekwa kwa njia hiyohiyo, lakini usiziharakie. Kwenye ndege ya injini moja ya propela, ile ya usukani wa mkia itakupumzisha mguu katika kupanda kwa muda mrefu. Kwenye ndege ya injini mbili iliyopoteza moja, utaihitaji kwelikweli. Ya aileroni ina faida pale tanki la bawa moja linapokuwa zito kuliko la pili. Zipe swichi ndogo ya kurudi katikati, mbali na kidole gumba, ili usiziguse kwa bahati mbaya unapotafuta ile ya pua.